SUMBAWANGA LISAA LIMOJA? STAA, HIYO KIKI IMEGONGA MWAMBA

Wadau, siku mbili nawaangalia tu mnavyobishana kule Insta, leo na mimi naongea. Kuna msanii mmoja, jina nalihifadhi, katupia picha kasimama kwenye ngazi ya ndege, miwani usoni, kaandika eti Dar mpaka Sumbawanga lisaa limoja tu, nyie mnaosema mbali mnapanda nini?

Kaka, picha yako mwenyewe imekuchoma. Ukutani nyuma yako pameandikwa SONGWE. Songwe ni Mbeya! Uwanja ule ulifunguliwa Desemba 2012, na ndo unatuokoa watu wa huku, hatukatai. Ila kutoka pale mpaka hapa Kizwite ni karibu kilomita 300 za gari. Unapita Vwawa, Tunduma unagombania njia na malori ya Zambia, unakata kulia, hapo zimebaki zaidi ya kilomita 220. Laela penyewe unapaona mgongo umeshakufa. Na hiyo ni baada ya lami ya hela za Wamarekani wa MCC, maana zamani masika watu walikuwa wanalala njiani.

Sasa hiyo lisaa kaitoa wapi? Najua. Kuna zile tovuti unaandika miji miwili, inakupa umbali na muda wa ndege. Dar na Sumbawanga, ukipiga mstari angani, ni kama kilomita 840. Tovuti inagawa kwa spidi ya jeti, inakutemea lisaa na dakika kidogo. Haiulizi kama kuna ndege! Iandikie Laela na Namanyere uone, itakupa dakika za kuruka, wakati huko tunapanda bodaboda. Mwaka 2023 uwanja wetu mafundi walikuwa bado wako saiti. Labda kama alikuja na ungo, si ndo utani wenu kwetu kila siku?

Wengine mnasema achana nae, anatafuta kiki tu. Siachi. Hapa mtaani mgonjwa akipewa rufaa ya kwenda hospitali ya kanda Mbeya, hizo kilomita anazilalia kwenye siti, na ndugu zake wanachangishana nauli. Mtu mwenye mafoloa kibao akitangaza mwaka ule kwamba Sumbawanga ndege zinatua, kesho yake nani angeuliza uwanja umefikia wapi? Si washaambiwa tunaruka!

Na nyie machawa mliojaa kwenye komenti kuandika "baba lao", kuna mmoja wenu kasema Wafipa tuna wivu. Wivu wa nini, wa kupitia Tunduma?

Staa, kama kweli ulitua Sumbawanga, tupia tiketi hapo chini. Tena nasikia mlifika usiku mmejibana kwenye Noah, umejifunika koti la dereva kwa baridi. Hiyo picha ndo tunaitaka.