Leseni ya Dereva Ivukapo Mpaka



Dereva wa lori atokaye Mombasa kwenda Kigali hupita Malaba, akaivuka Uganda, kisha akafika Gatuna. Hapo hana budi kuhama upande, maana Kenya na Uganda huendesha kushoto, na Rwanda huendesha kulia. Gari ni lile lile, na mikono ni ile ile. Je, leseni yake nayo ni ile ile, ama imekwisha kuwa karatasi tu?

Nauliza kwa kuwa sisi makarani ndio tuishikao mkononi. Wengi wetu twadhani ya kuwa kile kijitabu cha ruhusa ya kimataifa ni leseni kubwa kuliko leseni. Sivyo. Ni tafsiri ya leseni ya kwao mtu, wala hakifai kitu pasipo leseni yenyewe. Tena mapatano ya Geneva ya mwaka 1949, na ya Vienna ya mwaka 1968, yalifanywa hasa kwa ajili ya mtu apitaye. Ahamiaye ni mwingine: mapatano ya Vienna hayailazimishi nchi aliyohamia kuikubali leseni yake ya zamani. Basi dereva aliyepata kazi ng'ambo ya mpaka, mke na watoto wakamfuata, aweza kuambiwa aanze kama mwanafunzi, ijapokuwa ameshika usukani miaka ishirini. Na siku asizoendesha, nyumbani hapana chakula.

Nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliafikiana mwaka 1980 kwamba mhamiaji abadilishiwe leseni katika mwaka wake wa kwanza pasipo mtihani wa pili. Toka Julai 1996 hata kule kubadilisha hakukulazimishwa tena. Kadi ya sura moja kwa leseni zote mpya ilikuja Januari 2013. Hawakungoja kadi zifanane ndipo waaminiane. Sisi nasi tunao Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999, ulioahidi kulinganisha sheria za leseni na nambari za magari.

Wako wasemao, "Leseni za jirani hununuliwa." Neno hili ni zito, nami siwezi kulikana lote. Lakini muuzaji ni nani, kama si mtu aketiye mezani kama sisi? Uingereza ilipoanza kutoa leseni, kwa sheria ya mwaka 1903, mtu alitoa shilingi tano akapewa, wala hakuulizwa kama ajua kuendesha. Mtihani haukulazimishwa mpaka Juni 1935. Leseni ya namna ile ilikuwa stakabadhi ya fedha. Karani aitoaye leo kwa mtu asiyepimwa atoa stakabadhi vile vile, na jirani ana haki ya kuikataa. Ajapo dereva mwaminifu nyuma yake, naye hukataliwa.

Kwa hiyo naomba Halmashauri yetu ipeleke maneno mawili kwa wakubwa. Mhamiaji abadilishiwe leseni kwa leseni, na ofisi iliyotoa ile ya kwanza iulizwe kama jina lake limo daftarini, nayo ijibu upesi. Na ahamiaye nchi iendeshayo upande mwingine wa barabara apimwe katika jambo hilo peke yake.