Kompyuta ikikata umeme, orodha imeandikwa na nani?

Umeme ukikatika mtaani, mara nyingi tunajibiwa: "Ni mashine imekata." Watu wananyamaza, maana nani atagombana na mashine? Mimi naona tusinyamaze haraka hivyo.

Tuelewe kwanza kazi yenyewe. Katika kituo cha kisasa cha umeme wa maji, kompyuta inasoma vipimo usiku na mchana: kimo cha maji, mwendo wa turbini, joto la jenereta. Umeme wetu unapaswa kwenda mapigo 50 kwa sekunde. Watu wakitumia kupita kile kituo kinatoa, mapigo yanashuka. Yakishuka sana, mashine zote zinaweza kuzimika na mji mzima ukabaki gizani. Basi kompyuta inakata laini fulani ili kuokoa zingine. Ni kazi nzuri, na inaifanya haraka kuliko mkono wa mtu.

Lakini ni laini ipi inakatwa ya kwanza? Kompyuta haina chuki wala huruma. Inafuata orodha, na orodha iliandikwa na mtu.

Hapo ndipo hata wahamishwa wa vita wanahusika. Familia iliyo kambini inaweza kukosa hata balbu moja, lakini maji ya bomba yanasukumwa na pampu ya umeme, na chanjo za watoto ziko ndani ya friji ya kituo cha afya. Laini hiyo ikiandikwa ya kwanza kukatwa, mama anarudi na bidoni tupu.

Tena tusidhani kompyuta inamaliza yote. Hapa Bukavu, chupa na mifuko ya plastiki kutoka Ziwa Kivu inaziba bwawa la Ruzizi. Kompyuta inaweza kuonyesha kwamba turbini imepungukiwa maji; haiwezi kuvuta hata chupa moja. Anayeivuta ni mtu.

Na kompyuta yenyewe inaweza kutekwa. Kule Ukraine, tarehe 23 Desemba 2015, wadukuzi waliingia katika kompyuta za makampuni ya kusambaza umeme, wateja zaidi ya 200,000 wakabaki gizani. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi walikwenda kuuwasha kwa mkono. Fundi anayejua kazi ya mkono asiachishwe kazi eti kompyuta imefika.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Orodha ya kukata itangazwe, wakaaji waijue. Hospitali na pampu za maji ziwe za mwisho kukatwa. Na saa za delestaji, ambazo wakubwa wanazijua mapema, zisomwe redioni. Redio ya betri inafika hata kambini, na mama akijua saa, atachota maji mapema.