Kishika uchumba si faida

Bei za mazao na viwango vya fedha za kigeni vimo katika majedwali ya ukurasa huu kama kawaida. Safu ya wiki hii inamfuata mteja mmoja asiyemo katika jedwali lolote, lakini ana somo kwa kila anayepokea fedha leo kwa huduma atakayoitoa mwakani. Mteja huyo ni mzazi wa Kiyahudi wa London anayepanga kumpeleka mwanawe Yerusalemu kwa sherehe ya bar mitzva.

Kwa wasioifahamu, mtoto wa kiume wa Kiyahudi akitimiza miaka 13 huhesabiwa mtu mzima mbele ya sheria za dini, na huitwa mbele ya watu kusoma Torati. Msichana hufikia hatua hiyo akiwa na miaka 12, ingawa jumuiya nyingi za mrengo wa kisasa humsubiri atimize 13, na yake huitwa bat mitzva. Familia nyingi zenye uwezo huko Ulaya na Marekani hupenda kuifanyia kwenye Ukuta wa Magharibi, Yerusalemu, kisha karamu, na pengine matembezi hadi ngome ya kale ya Masada.

Tumtazame kibiashara. Tarehe yake haitoki kichwani mwake. Siku ya kuzaliwa huhesabiwa kwa kalenda ya Kiebrania, inayofuata mwezi na kuongezewa miezi 7 katika kila miaka 19 ili sikukuu zisihame majira. Katika juma la kawaida, Torati husomwa hadharani Jumatatu, Alhamisi na Sabato. Kwa wanaoishika Sabato, kupiga picha na kupanda gari siku hiyo ni mwiko, kwa hiyo wageni wengi hubaki na Jumatatu na Alhamisi. Ongeza likizo za shule, ambazo huangukia Pasaka na kiangazi wakati hoteli zimepandisha bei. Na akitaka wanaume na wanawake wa familia wasimame pamoja, inabidi aende sehemu ya kusini ya ukuta, karibu na Tao la Robinson, maana uwanja mkuu huwatenganisha.

Ndiyo maana mipango huanza mwaka mmoja au miwili kabla. Na ndiyo maana mwenye hoteli, mpishi, mpiga picha na wapiga ngoma wanaomsindikiza mtoto hadi ukutani, wote hudai kishika uchumba mapema. Wakimwona mteja mwenye tarehe isiyohama, humeza mate. Wanasema, huyu hana pa kukimbilia.

Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Kisheria za dini, mtoto huwa bar mitzva kwa kutimiza umri tu, hata asiposafiri na hata isipopikwa karamu. Torati ileile inasomwa katika sinagogi ya mtaani kwao. Kwa hiyo kilichofungwa ni umri wa mtoto, wala si safari. Muuzaji akimbana mno mteja wa aina hii, sherehe itafanyika nyumbani London na muuzaji atabaki na hadithi.

Mwaka 2020 ulilionyesha hilo waziwazi. Israel ilipokea watalii zaidi ya milioni 4.5 mwaka 2019, idadi ambayo haikuwa imefikiwa kabla. Machi 2020 milango ikafungwa kwa wageni, na mwaka mzima ukaisha na watalii chini ya milioni 1. Milango ilifunguliwa kwa watalii wote, wenye chanjo na wasio na chanjo, Machi 2022. Mtoto aliyetimiza miaka 13 mlango ulipofungwa alikuwa na miaka 15 ulipofunguliwa. Kumwambia mzazi wake kwamba malipo yake yako salama, aje wakati mwingine, ni sawa na kumpa kanzu ya arusi baada ya arusi.

Sheria ya Uingereza ilikuwa wazi kwamba safari ya jumla, yaani ndege na hoteli kwa pamoja, ikifutwa na muuzaji, mteja arudishiwe fedha ndani ya siku 14. Kampuni nyingi zilishindwa, hata mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ikabidi iingilie kati. Kwa nini zilishindwa? Si wote walikuwa wabaya. Wengi fedha walikuwa wamekwisha kuzitumia.

Tuchukue mfano. Mpishi wa karamu Yerusalemu anapatana na familia kwa dola 10,000. Mwishoni mwa 2021 anapokea kishika uchumba cha dola 4,000 kwa sherehe ya Oktoba 2023. Wakati huo dola 1 inanunua shekeli 3.1 hivi, kwa hiyo anapata shekeli 12,400. Ananunua jokofu, analipa pango, anajiona mwaka umeanza vizuri. Oktoba 2023 vita vinazuka na safari inafutwa. Dola inavuka shekeli 4, hata Benki Kuu ya Israel inatangaza tarehe 9 kuwa iko tayari kuuza hadi dola bilioni 30 kuitetea fedha yake. Sasa kurudisha dola 4,000 zilezile kunahitaji shekeli 16,000. Karamu haikupikwa, jokofu limekwisha kuukuu, na pengo la shekeli 3,600 limetokana na kiwango cha fedha peke yake. Na wateja wapya hawapo, kwani mwaka 2024 watalii walirudi tena chini ya milioni 1.

Mpishi huyu hakuiba. Kosa lake ni la kihasibu. Darasani tulifundishwa kwamba malipo yaliyopokelewa kabla ya huduma huandikwa upande wa madeni, na hayavuki kwenda upande wa mapato mpaka huduma imetolewa. Somo hilo wengi hulijibu vizuri kwenye mtihani na kulisahau siku ya kwanza dukani. Fedha ya mteja ni amana. Anayeitumia amekopa bila riba, bila dhamana na bila kumwambia aliyemkopesha.

Wakubwa nao huanguka shimo hilihili. Thomas Cook, kampuni ya utalii iliyoanza 1841, ilifilisika Septemba 2019 baada ya kukosa paundi milioni 200 za ziada ambazo wakopeshaji wake walizitaka ili iuvuke msimu wa baridi. Waingereza takriban 150,000 walikuwa ughaibuni siku hiyo. Walirudishwa makwao chini ya usimamizi wa serikali yao, na wenye cheti cha mfuko wa ATOL waliokuwa wamelipia safari za mbele walirudishiwa fedha. Mchango wa mfuko huo ni paundi 2.50 kwa kila abiria. Kwa mzazi wetu wa London hiyo ni bei ya kikombe cha kahawa, na ni kinga kubwa kuliko maneno matamu ya wakala.

Msomaji atauliza, haya yanamhusu nini mwenye ukumbi Mwanza, mwenye hoteli Mombasa au mwenye magari ya watalii Arusha? Yanamhusu sana. Sote tunapokea vishika uchumba vya arusi na safari, na 2020 ilitukuta vilevile. Maoni ya safu hii ni matatu.

Kwanza, fungua akaunti ya pembeni ya malipo ya awali, na toa humo kile tu ulichokwisha kukifanyia kazi. Mkataba ukiwa wa dola, amana ikae kwa dola.

Pili, andika ngazi ya marejesho na mteja aione kabla hajalipa: akivunja miezi sita kabla arudishiwe kiasi gani, mwezi mmoja kabla kiasi gani, na mipaka ikifungwa na serikali itakuwaje. Mteja mwenye tarehe isiyohama ndiye atakayekuchagua kwa sababu ya karatasi hiyo, na atakuletea binamu zake.

Tatu, kwa mwekezaji mdogo: kabla ya kununua hisa za hoteli au shirika la ndege, tafuta kwenye mizania mstari wa malipo yaliyopokelewa kabla ya huduma, kisha utazame fedha taslimu. Ikiwa taslimu ni ndogo kuliko mstari huo, uliza maswali, hata kama ukurasa wa faida unang'aa.

Najua yatasemwa: bila kutumia malipo ya awali mtaji mdogo hautembei. Ni kweli, na benki zetu hazimpendi mwenye ukumbi mmoja. Lakini ukikopa kwa mteja, jijue kwamba umekopa. Wazee waliliita jambo hili vizuri. Aliyetoa kishika uchumba hajaoa bado, na aliyekipokea asianze kula mahari.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.