Chuo cha Singapore Kimefungwa: Je, Elimu Pana ni Anasa?

Mwezi Mei mwaka 2025 wanafunzi wa mwisho wa Chuo cha Yale-NUS, huko Singapore, walihitimu, na chuo chenyewe kikafikia mwisho wake. Kilikuwa kimeishi miaka 12 tu tangu kupokea wanafunzi wake wa kwanza, 157 kwa hesabu, mwaka 2013. Huenda msomaji akauliza: chuo cha vijana 1,000 hivi, katika kisiwa cha mbali, kinamhusu nini mfanya kazi wa bandari ya Dar es Salaam au mkulima wa Mbinga? Sisi twaona kinamhusu sana, maana chuo cha umma hulishwa kwa kodi ya umma, huko kama huku, na alishaye ana haki ya kujua anamlisha nani.

Kwanza tueleze chuo hicho kilikuwa nini. Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore, kinachojulikana kwa herufi NUS, ni chuo kikubwa cha serikali chenye wanafunzi makumi ya maelfu. Asili yake ni shule ya utabibu iliyoanzishwa mwaka 1905. Mwaka 2011 kilipatana na Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani kuunda ndani ya ua wake chuo kidogo chenye mtindo mwingine. Mtindo wa Kiingereza, ambao Singapore na sisi tuliurithi kutoka kwa mtawala yule yule, humtenga kijana mapema: huyu mwanasheria, yule mhandisi, na kila mmoja akafungiwa chumbani mwake. Katika Yale-NUS wote walianza pamoja kwa falsafa, fasihi, sayansi, hesabu na elimu ya jamii, kisha ndipo wakachagua fani. Walisoma Ramayana ya Wahindi kando ya Odyssey ya Wayunani, na Confucius kando ya Plato. Wote walikaa bwenini, na darasani walikuwa wachache mezani na mwalimu wao, kila mmoja akitakiwa kusema neno lake na kulitetea. Shahada ilitolewa na NUS, ingawa jina la Yale lilikuwa mlangoni.

Basi, tarehe 27 Agosti 2021 ikatangazwa kwamba chuo hakitapokea tena wanafunzi wapya, na kwamba kitaunganishwa na mpango mwingine wa NUS ili kuzaa chuo kipya, NUS College. Uamuzi ulishuka kutoka juu. Rais wa chuo chenyewe, Tan Tai Yong, aliarifiwa wakati mambo yalikwisha kukatwa. Wakuu wa Yale nao walisema hadharani kwamba wao wangependa kuendelea. Ombi la kupinga namna jambo lilivyoendeshwa lilitiwa sahihi na watu zaidi ya 10,000. Sisi tulio katika chama kilichoshika serikali muda mrefu, kama kile cha Singapore kilichotawala tangu 1959, hatuna haja ya kuelezwa jinsi uamuzi wa namna hiyo unavyopokewa na wale walio chini.

Sababu zilizotolewa ni mbili. Mwezi Septemba 2021 Waziri wa Elimu, Chan Chun Sing, aliliambia Bunge kwamba gharama ya mwanafunzi mmoja wa Yale-NUS ilizidi mara mbili ya gharama ya mwenzake asomaye fasihi au elimu ya jamii katika NUS, tena michango iliyotarajiwa kutoka kwa wafadhili haikufikia kiasi kilichokusudiwa. Alikanusha kwamba siasa ilikuwa na mkono katika jambo hilo. Wako wasiosadiki. Hukumbusha kwamba mwaka 2012 walimu wa Yale walipitisha azimio la kuonyesha wasiwasi juu ya haki za kiraia katika Singapore, na kwamba mwaka 2019 somo fupi lililohusu upinzani na mijadala katika nchi hiyo lilifutwa wiki mbili hivi kabla ya kuanza. Uchunguzi wa Yale kuhusu somo hilo ulisema serikali haikuingilia. Sisi hatuwezi kuisoma mioyo ya mawaziri. Tutaipima hoja ya fedha, kwa kuwa ndiyo iliyowekwa mezani.

Hoja hiyo ina uzito. Dereva wa basi wa Singapore ambaye mwanawe hakupata nafasi katika chuo kile alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini kodi yake imsomeshe kijana mwingine kwa gharama mara mbili, tena katika chuo ambacho sehemu kubwa ya wanafunzi wake walitoka nchi za nje. Swali hili si geni kwetu. Mwezi Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao wanafunzi zaidi ya 300 walioandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, akaona hatari ya wasomi wanaojitenga na wale waliowasomesha. Chuo chetu wenyewe kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Wakati huo shahada nayo ilikuwa na jina la wageni. Hata mwaka 1970 ndipo kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kamili.

Lakini hesabu ya Waziri inaacha jambo moja. Ughali wa Yale-NUS haukutoka katika vitabu vya Plato, maana Plato huuzwa kwa bei ndogo. Ulitoka hasa katika uchache wa wanafunzi mbele ya mwalimu. NUS yasema sasa elimu pana imewafikia wengi: NUS College huchukua wanafunzi 400 hivi kila mwaka, na kitivo kikubwa cha fasihi na sayansi kimewekewa masomo ya pamoja. Ni jambo jema. Ila orodha ya masomo ni kitu rahisi kukitangaza, na meza ndogo ni kitu cha gharama kukitunza. Hapa kwetu Taaluma za Maendeleo hufundishwa kwa wanafunzi wa fani mbalimbali, wazo zuri kabisa. Lakini aliyelisikiliza somo hilo katika ukumbi uliofurika anajua kwamba huwezi kutoka humo umefundishwa kubishana, umefundishwa kunakili.

Ikiwa kusoma kwa kujadiliana ni anasa, basi matajiri watawanunulia watoto wao ng'ambo, na mtoto wa mfanya kazi atabaki na daftari la kunakilia. Singapore ilikuwa na njia ya tatu: kupunguza fahari, kuliondoa jina la Yale, na kubakiza meza. Kama NUS College imeshika njia hiyo au imeiacha, itaonekana katika idadi ya walimu wake. Dalili moja haikuwa nzuri. Mwezi huo huo wa Mei 2025 mamia ya vitabu vya maktaba ya Yale-NUS yalipelekwa kusagwa, wanafunzi wakalalamika, na chuo kikuu kikaomba radhi.

Wabunge wa Chama watakapojadili makadirio ya Wizara ya Elimu, watasikia, kama kila mwaka, idadi ya majengo mapya na ya wanafunzi waliopewa mikopo. Tunawaomba waulize na hili: mwalimu mmoja wa chuo kikuu chetu cha umma hukaa na wanafunzi wangapi, na ni mara ngapi kwa muhula mwanafunzi husikiwa sauti yake?