Ukurasa wa Wazazi: Namna Nne za Sentensi za Kiingereza

Mwezi huu tumeona vema kunena na ninyi wazazi habari ya jambo ambalo kwa macho laonekana kuwa dogo, nalo ni namna za sentensi za Kiingereza, na jinsi ya kuwazoeza watoto. Huenda mtu akasema, “Hiyo ni kazi ya mwalimu. Mimi mkulima wa ulezi na maharage, yanihusu nini?” Twamwomba asiliweke kando gazeti hili upesi, bali asikilize kwanza kisa kimoja, ndipo aamue.

Jioni moja alitujia mama mmoja wa hapa Kasense pamoja na mwanawe, mvulana aliyekuwa ameanza kidato cha kwanza mwaka huo. Mtoto alikuwa amekataa kurudi shuleni. Tulipomwuliza sababu, alinyamaza kitambo, kisha akatueleza. Mwalimu wake alikuwa amemwuliza kwa Kiingereza, “Didn't you bring your book?” maana yake, “Hukuleta kitabu chako?” Naye akajibu kwa adabu, “Yes, sir.” Akaambiwa akitoe. Akasimama tu, mikono mitupu. Akaulizwa mara ya pili, akajibu vile vile, “Yes, sir.” Basi akahesabiwa kuwa mwongo tena mwenye dhihaka, akaadhibiwa mbele ya wenzake. Alipokwisha kutusimulia hayo alilia, akasema, “Nami nilisema kweli.”

Naam, alisema kweli. Lakini ilikuwa kweli ya Kiswahili katika maneno ya Kiingereza. Kwetu sisi, mtu akiulizwa, “Hukuleta kitabu?” akajibu, “Ndiyo,” maana yake ni, “Ndivyo kama usemavyo, sikuleta.” Ndiyo yetu huyakubali maneno ya yule aulizaye. Kiingereza hakifuati njia hiyo. “Yes” hufuatana na jambo lililotendeka, na “No” hufuatana na jambo lisilotendeka, hata swali liwe limeulizwa kwa namna gani. Ilimpasa kijana yule ajibu, “No, sir, I didn't.” Hakujua, akapata jina la uongo kwa sababu ya neno moja.

Nasi hatuna budi kuungama hapa. Tumewafundisha watoto wengi kwamba “yes” ni “ndiyo” na “no” ni “hapana,” tukaishia hapo, tukidhani tumewapa mali. Kumbe tuliwapa jembe lisilo na mpini. Maana lugha si maneno peke yake. Ni mpango wa maneno pia, na mpango wa Kiingereza si mpango wetu.

Tena wakati ni mfupi. Tangu mwaka 1967 lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali ni Kiswahili, na Kiingereza huwa ni somo moja kati ya mengine. Mtoto akiingia sekondari, mara masomo karibu yote yageuka kuwa ya Kiingereza. Na mtoto wa Ufipa, ambaye huenda alizungumza Kifipa kwa bibi yake kabla ya Kiswahili, hiyo ni lugha yake ya tatu. Basi afadhali azoee mapema jinsi Kiingereza kinavyopanga maneno, asije akakutana nayo siku ya mtihani.

Sasa tuzitazame hizo sentensi. Mtu afunguapo kinywa hufanya moja katika mambo manne: hueleza habari, huuliza, huamuru au kuomba, au hustaajabu. Tuchukue mfano wa milima, kwa maana sote twaijua milima ya Mbizi. Kwa Kiswahili twasema: “Mlima ni mrefu.” “Mlima ni mrefu?” “Panda mlima.” “Mlima mrefu ulioje!” Kwa Kiingereza: “The hill is high.” “Is the hill high?” “Climb the hill.” “How high the hill is!”

Angalieni sana sentensi mbili za kwanza. Katika Kiswahili maneno ni yale yale, wala hapana lililohama. Sauti ndiyo inayomjulisha msikiaji kwamba twauliza, au twatanguliza neno “je.” Katika Kiingereza lile neno dogo “is” limeondoka katikati likaenda kusimama mbele. Hapo ndipo watoto wetu hujikwaa. Mtoto husema, “The hill is high?” akiinua sauti kama afanyavyo nyumbani, naye hudhani amekwisha. Mtu aliye mbele yake huenda akamwelewa kwa sauti. Lakini katika karatasi hamna sauti, na mwenye kusahihisha atalikata swali lake.

Pengine sentensi haina neno kama “is” liwezalo kuhama. Tukisema, “The goat eats beans,” yaani, “Mbuzi hula maharage,” tutauliza vipi? Hapo Kiingereza huita msaidizi, “do” au “does,” asimame mbele: “Does the goat eat beans?” Ile herufi “s” iliyokuwa mwisho wa “eats” imetoka huko ikaenda kwa msaidizi. Mwambieni mtoto kwamba “s” hiyo ni mzigo mmoja, nao huchukuliwa na mtu mmoja. Akiisha kuuchukua “does,” basi “eat” huenda bila mzigo. Atakayesema, “Does the goat eats beans?” amewatwika wawili mzigo wa mmoja. Na kwa mambo yaliyopita msaidizi ni “did”: “Did the goat eat the beans?”

Iko na tofauti nyingine. Sisi husema, “Unakwenda wapi?” na “Unataka nini?” Neno la kuulizia latosha kuja mwisho. Waingereza hulitanguliza: “Where are you going?” “What do you want?” Mtoto asemaye, “You are going where?” hakosi akili, amefuata tu njia aliyoizoea. Kwa hiyo asichekwe, bali aonyeshwe njia ya pili.

Sentensi ya amri nayo ina mambo yake. Sisi humwambia mmoja, “Keti,” na wengi, “Ketini.” Kiingereza husema, “Sit down,” kwa mmoja na kwa mia. Kukataza twasema, “Usiende,” na “Msiende”. Wao husema, “Do not go,” kwa wote. Tena sisi tukitaka kulainisha amri twaweza kuligeuza neno lenyewe, “unipe maji” mahali pa “nipe maji,” au tukatanguliza “naomba.” Katika Kiingereza mtoto na azoee kuongeza “please.” Asipolijua neno hilo, atamwambia mgeni mwenye mvi, “Give me water,” akaonekana hana malezi, hali moyoni mwake alikuwa anaomba kwa heshima. Aibu hiyo itawafikia wazazi wake pia.

Amri ndizo zinazojaa katika karatasi za mitihani. Wazazi wengi hudhani mtihani ni maswali matupu. Sivyo. Mara nyingi mtoto haulizwi bali huamriwa: “Explain,” yaani eleza, “List,” yaani orodhesha, “Give two reasons,” yaani toa sababu mbili. Fikirini mtoto aliyefundishwa tu kwamba “name” ni jina, akaona, “Name three food crops.” Asipotambua kwamba hiyo ni amri ya kutaja mazao matatu ya chakula, aweza kuandika jina lake mwenyewe na kungoja. Mahindi anayajua, maharage anayajua, ulezi ameupalilia kwa mikono yake. Habari anayo; kilichomfunga ni namna ya sentensi.

Ya nne ni sentensi ya mshangao, nayo yaonyesha wazi kuliko zote neno tunalotaka mlishike. Linganisheni hizi mbili: “How high the hill is!” na “How high is the hill?” Maneno ni yale yale matano, hakuna lililoongezwa wala lililopunguzwa. Ya kwanza ni ya mtu anayestaajabia urefu wa mlima, wala hangoji jibu. Ya pili ni ya mtu anayetaka kuambiwa mlima una mita ngapi. Kilichobadilika ni mahali pa “is” tu. Basi, kwa Kiswahili sauti yaweza kuitenga habari na swali. Kwa Kiingereza ni mpango wa maneno.

Mzazi atafanya nini nyumbani, hasa yule asiyejua Kiingereza? Twawapa mashauri manne.

Kwanza, anzeni kwa Kiswahili. Jioni mkiota moto, hasa katika baridi ya Juni na Julai, mama na aseme neno, na watoto watambue: Je, ameeleza, ameuliza, ameamuru, au amestaajabu? “Ng'ombe wamerudi.” “Ng'ombe wamerudi?” “Rudisha ng'ombe.” “Ng'ombe wazuri walioje!” Mtoto aliyekwisha kuzitambua namna nne katika lugha aijuayo hatazitafuta gizani katika lugha asiyoijua. Kazi hii haihitaji Kiingereza hata kidogo.

Pili, kateni vipande vya karatasi ngumu, kama vile boksi la sabuni. Mtoto mkubwa na aandike neno moja katika kila kipande: “the,” “hill,” “is,” “high.” Katika vingine aandike nukta, alama ya kuuliza na alama ya mshangao. Vipangeni juu ya mkeka. Kisha mwambieni mdogo wake aigeuze habari kuwa swali kwa mkono wake mwenyewe, na alama aibadilishe. Neno lililohamishwa kwa mkono halisahauliki upesi kama neno lililosikiwa tu.

Tatu, wazoezeni jibu la swali la kukana, lile lililomwumiza kijana wetu. Kanuni ni hii: Tazama jambo, usitazame swali. Ukiulizwa, “Didn't you eat?” jiulize moyoni, “Nilikula au sikula?” Kama ulikula, sema, “Yes, I did.” Kama hukula, sema, “No, I didn't.” Tena usiliache “yes” wala “no” peke yake, yale maneno mawili yafuatayo huondoa shaka yote, hata kwa msikiaji ambaye naye huchanganya.

Nne, msiwapige wala msiwacheke kwa kosa la lugha. Uongo ni kosa la moyo, nao una dawa yake. Lakini kuweka neno mahali pasipo pake ni kosa la ulimi usiozoea. Mkubwa asiyeweza kuyatenga makosa haya mawili atawafundisha watoto kunyamaza. Na mtoto anyamazaye hatajifunza lugha yo yote, maana lugha huingia kwa kinywa kama vile kwa sikio.

Mtatuuliza habari za kijana yule. Tulikaa naye jioni tatu, na vipande vya karatasi juu ya mkeka, na mama yake karibu akichambua maharage. Jioni ya tatu mama mwenyewe, ambaye hakupata kusoma Kiingereza, alikuwa ameshika kanuni, akawa anamwonya mwanawe: “Tazama jambo, usitazame swali!” Siku ya nne tulimsindikiza shuleni, tukamweleza mwalimu kisa chote. Mwalimu alinyamaza, akafikiri. Kisha akamwita kijana akamwambia kwa Kiswahili mbele ya darasa kwamba hakuwa mwongo. Twamheshimu kwa tendo hilo, maana si kila mkubwa awezaye kulitenda. Kijana yuko shuleni hata leo.

Haya, watoto, ninyi mnaowasomea wazazi wenu ukurasa huu, kazi yenu ya mwezi ni hii. Chukueni habari hii, “The maize is ripe,” yaani, “Mahindi yamekomaa.” Igeuzeni iwe swali, kisha iwe mshangao, bila kuongeza neno ila “how” katika ule mshangao. Kisha tungeni amri moja ya kumwomba ndugu yenu kwa adabu ayavune. Mkimaliza, mama na awaulize, “Isn't the maize ripe?” nanyi, kabla ya kujibu, nendeni kwanza mkalitazame shamba.