Maswali ya kemia yasizimwe Garissa

Mnamo Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10. Kila mmoja wao alitakiwa kushika mojawapo ya njia tatu: ile ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ile ya sayansi za jamii, au ile ya sanaa na michezo. Katika maandishi ya sera, uchaguzi huo hutegemea kipawa na hamu ya mwanafunzi. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, aghalabu hutegemea jambo jingine kabisa: je, shule anayoweza kuifikia ina maabara, na katika maabara hiyo yumo mwalimu wa kemia?

Mimi si mwanakemia. Kazi yangu ni isimu. Hata hivyo nitalijadili suala hili nikiitazama Iftin, mojawapo ya wadi za eneobunge la Garissa Mjini, na mwanaisimu hawezi kulipita jina hilo kimya. Kwa Kisomali, iftin ni nuru. Waliouita mtaa wao jina hilo walikuwa na matumaini yao, na ni haki yetu kuuliza kama tumewasaidia watoto wao kuyafikia.

Hoja yangu ni hii: vijana wa Garissa hawana upungufu wa maswali ya kemia. Walichopungukiwa ni mahali pa kuyajaribu, mtu wa kuyajibu, na lugha ya kuyauliza.

Tuyatazame kwanza maswali yenyewe. Mto Tana unaupitia mji huu, na msimu wa mvua maji yake hugeuka tope. Shabu ikitiwa katika maji ya namna hiyo, udongo hushikana, ukazama, na maji yakatulia. Kwa nini? Chembe za udongo zina chaji hasi, na kwa hiyo husukumana na kubaki zikielea. Ioni za aluminiamu zilizomo katika shabu huondoa msukumano huo. Ukienda Wajir, ambako visima vimechimbwa katika mawe ya chokaa, utakuta sabuni inakataa kutoa povu na badala yake inaacha utando. Kwa nini? Kalisi iliyoyeyuka kutoka katika mawe hayo hushikana na sabuni kabla sabuni haijashika uchafu.

Au tuingie jikoni. Mchuzi wenye manjano umemwagikia kanzu nyeupe. Mama anapoifua kwa sabuni, doa linabadilika ghafla na kuwa jekundu la kahawia, na mtoto anadhani nguo imeharibika. Likikamuliwa ndimu, doa linarudi kuwa la manjano. Hapo mtoto ameona kwa macho yake kazi ya kiashirio cha asidi na alkali, mada ambayo katika silabasi ya 8-4-4 ilifundishwa Kidato cha Kwanza. Aliyeonyeshwa hayo kwa bizari ya nyumbani hatahitaji kukariri litimasi.

Yapo pia maswali ambayo jibu lake ni suala la usalama. Wasichana wanaopambwa kwa ajili ya harusi wanajua kwamba hina huacha rangi ya kahawia nyekundu isiyodhuru, nayo piko huacha weusi wa kupendeza. Ni wangapi wameelezwa kwamba weusi huo hutokana na kemikali ya rangi ya nywele, parafenilini-diamini, inayoweza kuiunguza ngozi na kuiachia makovu? Vijana wanaotengeneza sabuni ya maji ili waiuze huchanganya Ungerol na chumvi, nao hushangaa kwamba chumvi inaifanya sabuni kuwa nzito, lakini ikizidi kipimo inairudisha kuwa nyepesi kama maji. Wale wanaotumia soda kali wanapaswa kujua kwamba soda ndiyo inayotiwa katika maji, tena kidogo kidogo. Maji yakimwagwa juu ya soda, joto linalotoka huweza kuyachemsha na kuyarusha usoni. Na katika nyumba nyingi jiki na dawa ya choo yenye asidi huwekwa pamoja. Vikichanganywa hutoa klorini, gesi ile ile iliyotumiwa kuwaua askari huko Ypres mwaka 1915.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini mwanafunzi anayeuliza mambo haya darasani ataambiwa nini? Mara nyingi ataambiwa kwamba hayamo katika mtihani. Ukweli ni kwamba mengi yamo, ila yamevaa mavazi mengine. Ugumu wa maji umo. Sabuni imo. Klorini imo. Hata shabu inaweza kuwemo: ni chumvi yenye aluminiamu, na aluminiamu ni miongoni mwa ioni ambazo mtahiniwa huweza kutakiwa kuzitambua.

Mtihani wa vitendo wa KCSE, yaani karatasi ya tatu ya kemia, una alama 40 na huchukua saa 2 na dakika 15. Mtahiniwa hupima ujazo wa asidi kwa bureti, hutazama rangi zinavyobadilika, kisha huandika mambo mawili katika safu mbili: alichokiona, na anachokihitimisha kutokana na alichokiona. Kwa maoni yangu, hili ndilo somo kubwa kuliko yote katika sayansi ya shule. Anayejua kutenganisha alichokiona na anachokidhani ni vigumu kudanganywa na mfanyabiashara wa dawa bandia, mwanasiasa au mzushi wa mtaani.

Basi tazama linalotendeka shule isipokuwa na maabara inayotumika. Mwanafunzi hukaririshwa safu zote mbili. Anajua kwa moyo kwamba chumvi ya shaba huigeuza ndimi ya moto kuwa ya kijani, ingawa hajapata kuiona. Siku ya mtihani, neli ya majaribio ikionyesha rangi tofauti na ile aliyoikariri, ataandika aliyoikariri. Tumemfundisha asiyaamini macho yake, kisha tunamnyima alama kwa kutoona!

Sababu ya pili inatuma machungu. Tarehe 22 Novemba 2014 watu 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa, na baada ya hapo Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji wa eneo hili. Hakuna mwenye haki ya kumlaumu mwalimu aliyeondoka ili ainusuru roho yake. Lakini pia hakuna mwenye haki ya kumwambia mtoto wa Iftin kwamba msiba huo ndio ulioamua asisome kemia.

Hapa pana mduara ambao watunga sera hawana budi kuutazama. Shule isiyo na mwalimu wa kemia haitoi wanafunzi wanaofaulu kemia. Eneo lisilotoa wanafunzi wanaofaulu kemia halipati walimu wenyeji wa somo hilo. Wageni wanapoondoka, hakuna wa kushika chaki. Mduara huu hauvunjwi kwa matangazo ya nafasi za kazi, kwa kuwa wa kuziomba hawapo. Utavunjwa kwa kuwachukua vijana wenyeji wenye uwezo, hata kama alama zao zimepungua kidogo, wakapewa mwaka wa matayarisho, ufadhili na mkataba wa kurudi kufundisha. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopata hati yake mwaka 2017, kimo mjini humo humo. Ni mahali gani panapofaa zaidi kuianza kazi hiyo?

Sababu ya tatu ni lugha, na hapa nazungumza katika uwanja wangu. Mwanafunzi wa kawaida wa Garissa hutumia Kisomali nyumbani, Kiarabu katika dugsi, Kiswahili sokoni na Kiingereza katika mtihani. Utajiri huu tumeugeuza mzigo. Chukua mfano mmoja. Mmumunyo wa chumvi ya zinki ukidondoshewa amonia, hutokea mashapo meupe. Amonia ikizidi, mashapo huyeyuka na kubaki mmumunyo usio na rangi. Kwa Kiswahili cha kila siku tunasema maziwa ni meupe, na maji safi vilevile tunayaita maji meupe. Neno moja linabeba maana mbili. Kiingereza cha maabara kina neno moja la kitu cheupe kama maziwa, la pili la kitu kisicho na rangi, na la tatu la kitu kinachopitisha nuru, hata kama kina rangi ya samawati. Mwanafunzi anayeuita mmumunyo huo "mweupe" kwa Kiingereza hupoteza alama. Macho yake yameona sawasawa. Kilichompoteza ni tafsiri ambayo hakuna aliyemwonyesha. Kisomali nacho kina neno cad, ambalo humaanisha weupe na pia jambo lililo wazi. Mwalimu anayelijua hili ataueleza mtego huu kwa dakika tano. Asiyelijua ataandika katika daftari kwamba mtoto ni mzembe.

Wapo watakaosema kwamba lugha zetu haziwezi kubeba kemia. Historia inawakanusha. Baada ya Kisomali kupata maandishi rasmi ya Kilatini mwaka 1972, Somalia ilianza kufundisha kwa lugha hiyo, na maneno kama kiimiko kwa kemia na aashito kwa asidi yakaingia madarasani. Huko Dar es Salaam, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Lenyewe neno alkali limetoka katika Kiarabu, na lilitaja majivu ya mimea iotayo katika ardhi ya chumvi. Mtoto aliyelelewa katika ardhi kavu, anayeisoma herufi ya Kiarabu tangu utotoni, ana haki ya kuambiwa kwamba neno hilo lilikuwa jirani yake kabla halijafika Ulaya.

Wengine watasema, na hoja yao ina uzito, kwamba mtihani ni wa Kiingereza na mwanafunzi lazima auzoee. Nakubali. Sipendekezi Kiingereza kifukuzwe maabara. Napendekeza mpangilio: mwanafunzi aeleze kwanza alichokiona kwa lugha inayomtoka bila kizuizi, kisha mwalimu amfundishe istilahi ya Kiingereza inayokilenga hasa. Istilahi huwa haishiki katika akili ambayo haijapata wazo lenyewe.

Hoja nyingine ni ya fedha. Maabara kamili ni ghali, na vifaa vya nyumbani haviwezi kuchukua nafasi yake; ndimu na manjano havitamfundisha mtu kusoma bureti. Lakini mradi wa SMASSE, ulioanza nchini mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani, ulikwisha kuwahimiza walimu wa sayansi na hisabati kubuni zana kutokana na vitu vilivyo karibu. Funzo hilo lisitupwe. Linahitajika zaidi katika madaraja ya chini, kwa kuwa tangu Januari 2023 Sayansi Jumuishi ya sekondari msingi imekuwa ikifundishwa katika shule za msingi ambazo hazikujengwa kwa ajili ya maabara. Mwanafunzi anayefika Gredi ya 9 bila kushika hata neli moja ya majaribio hatachagua kemia, na sisi tutasema hakuipenda.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu. Kwanza, Wizara ya Elimu, ambayo ndiyo yenye dhamana ya shule za sekondari, ianzishe katika miji kama Garissa maabara za pamoja ambazo shule jirani zitazitumia kwa zamu, zikiwa na fundi wa kudumu na ulinzi wa kutosha. Kundi la mwisho la KCSE linatarajiwa kufanya mtihani mwaka 2027. Wanafunzi hao wasisahauliwe kwa sababu tu mtaala wao unaondoka. Pili, Tume ya Kuajiri Walimu na vyuo vikuu vikubaliane juu ya mpango wa kuwaandaa walimu wenyeji wa sayansi, wenye muda na idadi zinazojulikana, ili wananchi waweze kuwauliza mpango umefika wapi.

La tatu halingoji bajeti ya mtu. Mwalimu mwenzangu, tenga kipindi kimoja kwa juma ambacho wanafunzi wataleta maswali kutoka nyumbani: mbona maziwa ya ngamia yameganda hivi, mbona chumvi hii inalowa, mbona maji haya yana ladha ile. Wayaulize kwa lugha yoyote. Yale usiyoyajua, yaandikeni ubaoni na myatafute pamoja. Yale ya hatari, wakataze kuyajaribu na uwaeleze sababu, kwa kuwa katazo lisilo na sababu humchochea kijana. Nawe mwanafunzi, uliza tena usipojibiwa. Anza na kanzu yenye doa, sabuni na ndimu; andika ulichokiona katika safu moja na unachokidhani katika nyingine, wala usikubali mtu yeyote akuchanganyie safu hizo.