Makapi ya mkonge yarudi shambani

KATIKA kila kilo 100 za majani ya mkonge yanayoingia kwenye korona, nyuzi zinazotoka ni kama kilo nne tu. Kinachobaki ni maji na makapi. Kwa miaka mingi mkoani Tanga makapi hayo yamerundikwa nyuma ya viwanda au kuachwa yatiririke hadi mitoni, ambako yakioza humaliza hewa ndani ya maji na samaki hufa.

Hasara haiishii mtoni. Mkonge hufyonza madini ya chokaa kwa wingi, na sehemu kubwa ya chokaa hiyo huondoka na makapi, si na nyuzi. Shamba linalokatwa majani mwaka hadi mwaka bila kurudishiwa kitu huongezeka tindikali na kuchoka. Watafiti wa Mlingano, Muheza, walikwisha kulipima jambo hilo. Wenye mashamba wa miaka ya 1960, taifa lilipozalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, walikuwa na jibu jepesi: udongo ukichoka, hufyekwa ardhi mpya. Ardhi hiyo sasa iko wapi?

Anayeumia zaidi ni mkulima mdogo. Mwenye korona yake ana makapi uani, akitaka atayasomba. Mkulima mdogo hupeleka majani, hulipwa kwa nyuzi baada ya kukatwa gharama za usindikaji, na chokaa ya shamba lake hubaki kwa mwenye mashine. Huko ni kuuza rutuba bure.

Wenye viwanda husema usafiri ni ghali, na hapo wana hoja, maana makapi mabichi karibu yote ni maji. Lakini yakirundikwa na kugeuzwa miezi kadhaa huoza, ukali wake hupungua na uzito hushuka. Trela lililoleta majani, tena, mara nyingi hurudi tupu. Hata pale makapi yanapotumika kuzalisha gesi ya umeme, kama ilivyojaribiwa Hale, Korogwe, katika miaka ya 2000, tope linalobaki bado ni mbolea.

Serikali iliweka lengo la tani 120,000 kwa mwaka ifikapo 2025, na miche mingi imepandwa kwa ajili hiyo. Bodi ya Mkonge haina budi kuhakikisha kila mkataba wa usindikaji unataja makapi ni mali ya nani, yatarudi shambani lini, na kwa gharama ya nani.